Wanataka kujenga data senta jirani na makazi yetu, tuanze kupima nini kabla hawajaanza?

Mkaazi_wa_Bondeni

Habari zenu wadau. Kuna kampuni imeomba kibali cha kujenga data senta kubwa, yaani jengo lililojaa kompyuta za kuhifadhi na kuchakata data (seva), upande wa pili wa bonde tunaloishi, notisi zimeshabandikwa na mkutano wa wananchi kutoa maoni umetangazwa, lakini mpaka leo tulichopewa ni vipeperushi vya rangi vyenye picha za miti na maneno mazuri kuhusu uwekezaji wa kisasa. Hakuna mahali panaposema watatumia maji kiasi gani, umeme watautoa wapi, jenereta zitakuwa ngapi wala feni za kupoza mashine zitanguruma kiasi gani usiku. Tukiuliza tunaambiwa ni siri ya biashara.

Wengi huku tunategemea visima na bomba ambalo tayari maji yake ni ya mgao, na shule ya msingi na zahanati ziko karibu kabisa na eneo lao. Sio kwamba tumeamua kupinga, kuna majirani wanautaka huu mradi kwa ajili ya ajira na nawaelewa kabisa, ila sitaki tuje tuishi kwa kuambiwa kila kitu kiko sawa halafu sisi hatuna hata namba moja ya kujibu. Tumeshapata kikundi, wapo walimu wa sayansi, fundi umeme, nesi wa zahanati na vijana wanaojua kompyuta. Pesa hatuna za kusema tuajiri wataalamu.

Naomba kujua kwa watu kama sisi ni vifaa gani na taarifa gani za bure zipo, tuanze na nini, na je vipimo vya wananchi huwa vinasikilizwa kweli au tutapoteza muda tu?

---

Fundi_Visima

Ndugu yangu umeuliza wakati wenyewe, wengi huja kuuliza mashine zikishawashwa na hapo kazi inakuwa ngumu mara kumi.

Muda mlio nao sasa hivi, kabla hata greda halijaingia, ndo mali kubwa kuliko kifaa chochote mtakachonunua. Kila mzozo wa aina hii unaishia kwenye swali moja, hali ilikuwaje kabla? Chukulia kelele: miongozo ya IFC, ule mkono wa Benki ya Dunia unaokopesha kampuni binafsi, inasema kwenye makazi sauti isizidi desibeli 55 mchana na 45 usiku, au mradi usiongeze zaidi ya desibeli 3 juu ya hali iliyokuwepo. Sasa hizo 3 utazihesabu kutoka wapi kama hakuna aliyepima usiku wenu ukiwa bado kimya? Kampuni itakuja na mshauri wake, atapima siku ambayo kuna malori barabarani, na hiyo ndo itaandikwa kuwa hali ya kawaida ya mtaa wenu.

Upande wa visima mimi ndo kazi yangu kwahiyo nitakaa hapo kidogo. Chagueni visima vichache, vingine karibu na mradi vingine mbali kabisa, ikiwezekana kimoja kiwe sehemu ambayo mradi hauwezi kukigusa, hicho cha mbali ndo shahidi wenu. Maana visima vyote vikishuka pamoja watu watasema ni ukame na pengine watakuwa sahihi, lakini vya karibu vikishuka na cha mbali kikabaki palepale hapo mna hoja. Pimeni kina cha maji alfajiri kabla mtu hajaanza kuvuta, pampu iwe imezimwa tangu usiku, tumieni utepe wenye uzito mwishoni, na mdomo wa kisima uwekwe alama ya rangi ili kila anayepima aanzie palepale. Wekeni na kipima mvua, hata cha kujitengenezea, na muandike kila siku hata siku ambayo haijanyesha, siku isiyoandikwa na siku isiyo na mvua ni vitu viwili tofauti.

Ubora wa maji nao msiuache. Kile kifaa kidogo cha kupima chumvi zilizoyeyuka kinatosha kuanzia. Data senta zinazopoza kwa maji huwa zinatoa maji yaliyobaki, yana chumvi nyingi kwa sababu mengi yameshavukizwa, na yana dawa za kuua vijidudu kwenye mitambo. Ulizeni mapema yatamwagwa wapi, kwenye mfereji wa maji taka au kwenye huo mto wa bondeni.

Kama mnaweza, mara moja kabla ya ujenzi pelekeni sampuli maabara inayotambulika. Hiyo karatasi ya maabara itawasaidia baadae sana.

---

Hati_na_Haki

Naongezea upande wa makaratasi, maana vipimo bila nyaraka ni nusu ya kazi.

Hilo la "siri ya biashara" msilikubali kirahisi. Kuna mji mdogo unaitwa The Dalles, jimbo la Oregon kule Marekani, Google ana data senta pale. Gazeti la The Oregonian liliomba kujua anatumia maji kiasi gani, mji wenyewe ukaenda mahakamani kuzuia, ukisema ni siri ya kampuni. Walivutana zaidi ya mwaka, mwisho wa 2022 mji ukakubali kutoa, ikaonekana kwamba 2021 peke yake zilitumika galoni kama milioni 355, hiyo ni zaidi ya robo ya maji yote ya mji. Na baada ya kujulikana biashara haikufa, data senta inaendelea kama kawaida. Uruguay nako mkaazi mmoja alienda mahakamani dhidi ya wizara ya mazingira, 2023 ndo watu wakajua mradi wa data senta ya Google pale ulipanga kutumia lita milioni 7.6 kwa siku, tena mwaka ambao mji mkuu Montevideo ulikuwa kwenye shida kubwa ya maji ya kunywa. Baadae mradi ukabadilishwa uwe wa kupoza kwa hewa. Kwahiyo swali lako kama wananchi wanasikilizwa, jibu ni kwamba wakiwa na namba mkononi mipango huwa inabadilika.

Tafuteni vitu hivi kwa maandishi na muweke nakala ya kila barua yenye muhuri wa kupokelewa: ripoti nzima ya tathmini ya athari kwa mazingira na viambatisho vyake vyote, sio ule muhtasari, maana namba za kelele na jenereta huwa zimezikwa kwenye viambatisho. Halafu ombi la maji kwa mamlaka ya maji, ombi la kuunganishwa umeme kwa shirika la umeme, na kibali cha kutoa moshi wa jenereta. Hizo ni ofisi tofauti, na kampuni hulazimika kuandika namba kwa kila ofisi, saa nyingine ukizilinganisha unakuta hazifanani. Ulizeni pia kama kuna kiongozi yeyote amesaini mkataba wa usiri na kampuni, ni jambo linalofanyika sana kwenye miradi hii na wananchi wana haki ya kulijua kabla kibali hakijaamuliwa.

Na jina kwenye notisi lisiwachanganye. Mara nyingi mwombaji ni kampuni ndogo iliyosajiliwa juzi tu, mwenye mradi haonekani. Nendeni kwa msajili wa makampuni, muangalie wakurugenzi ni nani. Na mfuatilie nani anakopesha, kwa sababu kama kuna pesa ya IFC, kuna ofisi yake huru ya malalamiko inaitwa CAO ambayo inapokea malalamiko ya jamii moja kwa moja. Benki nyingi binafsi pia zimesaini makubaliano yanayoitwa Equator Principles, zinajibana kwa masharti ya mazingira kwenye mikopo ya miradi mikubwa.

Kwenye nchi za Umoja wa Ulaya, kila data senta kuanzia kilowati 500 inatakiwa kutoa taarifa za umeme na maji kila mwaka, sheria ilianza kutumika 2024. Hata kama nyie haiwahusu, itajeni kwenye mkutano. Kama kampuni zinaweza kuripoti kule, zinaweza na kwenu.

---

Chumba_cha_Seva

Mimi nafanya kazi ndani ya hivi vituo miaka mingi, na naomba nisiwe upande wa mtu. Kuna mambo yanasemwa kuhusu data senta sio kweli na kuna mengine hayasemwi kabisa.

Kwanza sio zote zinakunywa maji. Kuna zinazopoza kwa kuvukiza maji na kuna zinazopoza kwa hewa kavu ambazo maji yake ni kidogo sana. Ila hakuna cha bure, ukiacha maji unaongeza umeme, hasa siku za joto, na unaongeza feni, yaani kelele. Kwahiyo kampuni ikiwaambia hatutumii maji, swali linalofuata moja kwa moja ni kuhusu kelele.

Na kuna neno nataka mlikamate: "mzunguko uliofungwa". Utaambiwa maji yetu yanazunguka humohumo hayapotei. Inaweza kuwa kweli kwa mabomba ya ndani yanayopita kwenye seva, lakini joto lile lazima litolewe nje, na kama nje linatolewa kwa minara inayovukiza maji basi maji yanapotea kila saa. Ulizeni hivi: joto linatokaje nje ya jengo, na siku ya joto kali kuliko zote mtatumia lita ngapi? Wastani wa mwaka usiwatoshe, kisima na bomba haviishi kwa wastani, vinakauka siku ile mbaya.

Hesabu ya kupata picha, mnaweza kuifanya wenyewe. Seva za megawati 100 zikifanya kazi mfululizo ni yuniti milioni 2.4 kwa siku. Wastani unaotajwa sana kwenye tasnia yetu ni lita 1.8 kwa yuniti kwa wanaotumia maji, kwahiyo ni zaidi ya lita milioni 4 kwa siku. Wakisema watatumia chini ya hapo sawa, inawezekana kabisa, waoneshe muundo wa upozaji unaowafikisha huko.

Kingine ni awamu. Vibali vinaombwa kwa awamu ya kwanza, jengo moja, athari ndogo, wakati kiwanja kilichonunuliwa ni cha majengo sita. Dai tathmini ya mradi wote ukikamilika.

Jenereta. Huwa zinawekwa za kutosha kubeba kituo chote umeme wa gridi ukikatika, kwa kituo kikubwa ni makumi ya mashine za dizeli. Zinawashwa kwa majaribio mara kwa mara, kawaida kila mwezi. Kwenye ripoti utaona zimehesabiwa saa chache kwa mwaka kwa sababu ni za dharura, lakini kama gridi yenu inakatika kila wiki hiyo hesabu haina maana, hapo jenereta sio dharura tena. Fundi umeme wenu aanze leo kuandika kila umeme unapokatika na unaporudi, hilo daftari litakuja kuwa ushahidi mzuri ajabu. Ulizeni pia lita za dizeli zitakazohifadhiwa pale na tangi zitakuwa wapi ukilinganisha na visima.

Kuhusu ajira niseme ukweli, wakati wa ujenzi watu ni wengi, kikishaanza kazi wanabaki wachache. Waulizeni idadi ya ajira za kudumu kwa maandishi.

---

Mkaazi_wa_Bondeni

Asanteni sana jamani, hili la mzunguko uliofungwa ndo maneno yaleyale tuliyoambiwa na tukaridhika nayo. Daftari la umeme linaanza leo.

Mnisaidie sasa kelele na hewa. Nesi wetu ana wasiwasi na watoto wenye pumu, shule iko upande ambao upepo unaelekea miezi mingi ya mwaka. Simu za kawaida zinaweza kupima kelele au ni mchezo?

---

Hewa_na_Kelele

Simu inafaa kuanzia, sio kumalizia. Wenye iPhone wanaweza kutumia NIOSH SLM, ni ya bure, imetengenezwa na taasisi ya serikali ya Marekani ya usalama kazini na ni ya kuaminika kiasi. Wenye Android kuna NoiseCapture ya watafiti wa Ufaransa, inachora na ramani ya kelele. Ila mkija kwenye kubishana mbele ya wanaotoa kibali itabidi muwe na kipimo halisi cha sauti kilichosawazishwa, yaani kilichohakikiwa kuwa kinasoma sahihi, tafuteni chuo cha karibu chenye idara ya fizikia au mazingira, mara nyingi wanacho na kuna mwanafunzi anatafuta utafiti wa kufanya. Hii njia ya mwanafunzi naipenda sana kwa sababu mnapata na jina la chuo kwenye ripoti.

Namna ya kupima: kimo cha mita 1.2 hadi 1.5 kutoka ardhini, mbali na ukuta angalau mita 3 na nusu kwa sababu ukuta unarudisha sauti, msipime kwenye upepo mkali wala mvua, na usiku wa manane ndo muhimu kuliko saa zote. Msichukue namba moja ya juu kabisa, lori likipita itaharibika. Kipimo kizuri kina namba inaitwa L90, ni kile kiwango ambacho sauti iko juu yake asilimia 90 ya muda, yaani mvumo wa chini usioondoka. Hiyo L90 ya kabla na ya baada ndo mtakayoweka meza moja.

Na hapa kuna jambo watu wengi hawalijui, muwe makini nalo. Vipimo vya kawaida vinatumia skeli ya A ambayo inapunguza sana sauti nzito za chini, na mvumo wa feni kubwa na mashine za kupoza una sauti nyingi za aina hiyo. Unaweza kuambiwa kelele iko ndani ya sheria na bado mtu halali, kichwa kinamgonga, dirisha linatetema. Pimeni skeli ya A na ya C, ambayo haizipunguzi sana sauti nzito, kwa pamoja, zikipishana zaidi ya desibeli 15 au 20 ujue kuna sauti nzito nyingi, na muombe kibali kiweke kikomo cha hiyo pia. Wanaoishi na huo mvumo hawabuni, ni sauti ya kweli ambayo kipimo kilichochaguliwa hakiioni vizuri.

Hewa ni vitu viwili. Vumbi jembamba la PM2.5 mnaweza kulipima wenyewe kwa vifaa vya PurpleAir au vile vya kujiundia vya Sensor.Community, mradi ulioanzia Stuttgart, vijana wenu wa kompyuta wataviunganisha bila shida na data inaonekana kwenye ramani ya dunia nzima. Shida yake unyevu ukiwa mwingi vinasoma juu kuliko hali halisi, kwahiyo kiwekeni kimoja kando ya kituo rasmi cha serikali kama kipo, mjue kinapishana kiasi gani. WHO tangu 2021 inataka wastani wa mwaka wa PM2.5 usizidi mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo ya hewa, na wa saa 24 usizidi 15.

Lakini hivyo vifaa havioni gesi ya naitrojeni dayoksaidi, na kwa jenereta za dizeli na mitambo ya gesi hiyo ndo ya kuangalia kwa karibu hasa kwa watoto wa pumu. Kuna vijirija vidogo vya plastiki vinaitwa mirija ya Palmes, unavitundika kwenye nguzo wiki mbili mpaka nne halafu unavituma maabara, havihitaji umeme wala ujuzi mkubwa. Tundikeni kimoja shuleni, kimoja zahanati, kimoja upande ambao upepo wa kutoka kwenye mradi haufiki. Na nesi aanze kuandika idadi tu ya watoto wanaokuja na shambulio la pumu kwa wiki, bila majina kabisa, siri za wagonjwa zisiguswe.

---

Ramani_za_Jioni

Mmesahau angani. Picha za setilaiti za Ulaya za Sentinel-2 ni za bure, kila nukta ya picha ni mita 10 za ardhi, zinarudi takriban kila siku tano mawingu yakiruhusu, fungueni tovuti ya Copernicus Browser tu mnaziona. Mtaona miti iliyokatwa, udongo uliofunguliwa, bwawa linalopungua, na mnaweza kurudi nyuma miaka kadhaa. Hifadhini picha za eneo lote sasa hivi likiwa bado halijaguswa.

Picha zina nguvu, angalieni mji wa Memphis kule Marekani. Kampuni ya xAI iliweka mitambo ya gesi ya kufua umeme kwenye data senta yake, ikasemekana inayofanya kazi ni 15 tu. Wanasheria wa mazingira wa Southern Environmental Law Center wakapiga picha za joto kutoka angani mwaka 2025, zikaonesha mitambo 33 ina moto. Kibali kilichotolewa baadae Julai mwaka huohuo kilikuwa cha mitambo 15. Sio kila kikundi kina ndege, najua, lakini namba inayohesabika kwa macho ihesabuni, mabomba ya moshi yaliyo juu ya ukuta hayafichiki.

Kuhusu kutunza data: kila kipimo kiwe na tarehe, saa, mahali, kifaa, jina la aliyepima na hali ya hewa. Andikeni kwenye daftari kwanza halafu ndo kompyuta, msifute kosa bali mlikate kwa mstari mmoja lionekane. Na chapisheni hata siku nzuri! Mkionesha siku mbaya tu mtaitwa wapinzani wa maendeleo na hamtakuwa na la kujibu, mkionesha zote hata jirani anayetaka ajira atawaamini.

---

Mkaazi_wa_Bondeni

Nimechapisha majibu yote tutayasoma kwenye kikao cha kikundi. La mwisho, kuna mtu wa kampuni amedokeza kwamba wanaweza kutupa vifaa vya kupimia kama msaada kwa jamii. Tupokee? Wenzangu wamegawanyika.

---

Hati_na_Haki

Kwa mkono wa kikundi msipokee. Ombeni iwe sharti la kibali: kampuni iweke pesa kwenye mfuko unaosimamiwa na chuo au mamlaka ya mazingira, kikundi kiwe na wajumbe kwenye kamati, vifaa vichaguliwe na hiyo kamati, na data itoke hadharani moja kwa moja bila kupitia ofisi ya kampuni. Na muandike humohumo kitatokea nini kikomo kikivukwa, nani anapigiwa, ndani ya saa ngapi, na lini mashine zinazimwa. Sharti la kupima ambalo halisemi nini kinafuata ni la kujaza ukurasa.

Pelekeni hili kwa maandishi kabla ya mkutano na sio siku yenyewe, yanayosemwa kwa mdomo mara nyingi hayaingii kwenye kumbukumbu. Kila mtu wa kikundi awasilishe barua yake na jambo lake, mmoja maji, mmoja kelele, nesi aandike la hewa, ili kila barua ijibiwe peke yake. Vile visima na usiku wa kimya anzeni wiki hii, msisubiri mkutano.